Jinsi kemia inavyofichua sukari: Kutoka samawati hadi nyekundu ya matofali

MTU akikoroga kijiko cha sukari ya dukani katika maji safi, akaongeza myeyusho wa Benedict na kuupasha moto, rangi ya samawati haitabadilika. Akifanya vivyo hivyo kwa maji ya kitunguu, kitu ambacho hakuna atakayekitia katika chai, rangi itageuka kijani, kisha manjano, kisha ya machungwa, na hatimaye mashapo mekundu kama tofali lililochomwa yatatua chini ya tyubu.

Matokeo haya mawili huwatatiza wanafunzi wengi wa shule za upili wanapoingia maabara kwa mara ya kwanza. Ulimi unasema hili, tyubu inasema lile. Lakini tyubu haikosei, kwa sababu haikuulizwa iwapo kitu ni kitamu. Imeulizwa swali jingine kabisa: je, ndani ya kitu hiki mna molekuli ya sukari iliyo tayari kuitolea shaba elektroni?

Sukari zilizo na uwezo huo ndizo ambazo wanakemia huziita sukari zipunguzazo. Jina hili limewapoteza wengi, maana msomaji hudhani ni sukari inayopunguza uzani wa mwili. Kinachopunguzwa ni chaji ya shaba. Ioni ya shaba iliyomo katika myeyusho wa samawati ina chaji mbili chanya. Ikipokea elektroni moja kutoka kwa sukari, hubaki na chaji moja. Shaba ya namna hii ya pili haiwezi kukaa imeyeyuka katika alikali. Hujiunga na oksijeni na kuwa oksidi nyekundu isiyoyeyuka. Huo ndio wekundu unaoonekana. Sukari nayo, baada ya kutoa elektroni zake, huwa chumvi ya asidi.

Glukosi, fruktosi, galaktosi, laktosi ya maziwa na maltosi ya kimea zote zimo katika kundi hili. Sukrosi, yaani sukari ya mezani inayotokana na miwa, haimo.

Molekuli ya glukosi ina atomu sita za kaboni, na kwa kawaida hukaa imejikunja duara, mithili ya nyoka aliyejiuma mkia. Mara moja moja duara hilo hufunguka na kichwa hujitokeza. Kichwa hicho ni kundi la atomu liitwalo aldehidi, na ndicho kinachotoa elektroni. Wakati wowote, chini ya molekuli moja katika kila elfu huwa imefunguka. Hata hivyo, hizo chache zinapotumiwa na shaba, nyingine hufunguka kuchukua nafasi yake, na kazi huendelea hadi glukosi au shaba imalizike. Joto na alikali huharakisha mambo, na ndiyo sababu jaribio hili haliendi bila moto.

Fruktosi haina aldehidi. Ina ketoni, ambayo kwa kawaida haipaswi kuipa shaba chochote. Lakini ndani ya alikali fruktosi hujipanga upya na kugeuka glukosi na sukari nyingine jamaa yake, hivyo nayo hupita mtihani.

Sukrosi imeundwa kwa glukosi moja na fruktosi moja zilizoshikana kichwa kwa kichwa. Hakuna hata moja inayoweza kufunguka, na shaba haipati kitu. Maltosi ni glukosi mbili, ila hizi zimeshikana kichwa kwa mwili, hivyo kichwa kimoja kimebaki huru. Ndiyo maana wimbi ulioloweshwa na kuachwa uote hadi ukawa kimea huleta rangi ya machungwa upesi, ilhali unga wa nafaka hiyohiyo ambayo haijaota hutoa rangi hafifu au haitoi kabisa. Vimeng'enya vya mbegu inayoota huwa vimekwisha kuukata wanga vipande vipande.

Magadi, shaba na limau

Myeyusho wa Benedict si siri ya kiwanda. Lita moja huwa na gramu 17.3 za salfeti ya shaba, gramu 173 za sitreti ya sodiamu na gramu 100 za kaboneti ya sodiamu isiyo na maji.

Salfeti ya shaba ndiyo inayoleta rangi. Kaboneti ya sodiamu huleta alikali. Ni kemikali ileile inayochimbwa kwa wingi katika Ziwa Magadi, Kajiado, na ndiyo iliyomo kwa sehemu kubwa katika magadi yanayotiwa kwenye maharagwe na mboga ili yalainike. Sitreti, ambayo ni chumvi ya asidi ya limau, ina kazi isiyoonekana lakini ambayo bila yake hakuna jaribio. Shaba ikikutana na alikali peke yake hujitenga mara moja na kuwa utelezi mzito wa samawati usiofaa kwa lolote. Sitreti huikumbatia ioni ya shaba na kuizuia isijitenge, lakini haiishiki kwa nguvu kiasi cha kuinyima sukari.

Wazo la kutumia shaba lilitangulia jina la Benedict kwa miongo kadhaa. Mnamo 1841, Mjerumani Carl August Trommer alieleza namna shaba na alikali zinavyoweza kuitofautisha sukari ya zabibu na ile ya miwa. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1840, Hermann von Fehling wa Stuttgart aliongeza chumvi ya asidi ya tartari ili shaba isijitenge, na myeyusho wake ukaenea duniani. Kasoro yake ni kuwa hauwezi kuwekwa akiba. Huhifadhiwa katika chupa mbili, moja ya shaba na nyingine ya sodiamu haidroksidi pamoja na tartreti, zikachanganywa wakati wa kazi tu. Aidha, sodiamu haidroksidi ni kali mno, huunguza ngozi, na huweza kuiharibu sukari yenyewe ikiwa ni kidogo kabla haijaonekana.

Stanley Rossiter Benedict, mwanakemia Mmarekani aliyezaliwa 1884 na kufariki 1936, alichapisha myeyusho wake kati ya 1908 na 1909. Aliondoa ile alikali kali, akaweka kaboneti, na tartreti akaibadilisha kwa sitreti. Matokeo yalikuwa chupa moja inayodumu kwa muda mrefu rafuni, inayoonyesha hata sukari kidogo, na isiyodanganywa kwa urahisi na uchafu mwingine wa kawaida wa mkojo. Mkojo ndio uliokuwa shabaha yake. Shule zilikuja baadaye.

Rangi na maneno yake

Katika maabara ya shule, mililita mbili hivi za chakula kilichopondwa na kuchujwa hutiwa katika tyubu, kiasi sawa cha myeyusho wa Benedict kikaongezwa, na tyubu ikasimamishwa katika maji yanayochemka kwa dakika chache. Kuichemsha moja kwa moja juu ya mwali kuna hatari, kwa kuwa mchanganyiko huruka ghafla ukamwagikia uso wa aliye karibu.

Rangi husomwa kama ngazi. Kijani huashiria sukari ya takriban nusu gramu katika kila mililita 100, manjano gramu moja, rangi ya machungwa gramu moja na nusu, na nyekundu ya matofali gramu mbili au zaidi. Kijani hicho si kemikali mpya. Ni mashapo machache ya manjano yanayoelea ndani ya samawati ambayo haijaisha, na jicho huyachanganya yote mawili. Kwa hivyo vipimo hivi ni makadirio tu, na hakuna mwanakemia atakayekubali kutia sahihi chini ya rangi peke yake.

Watahiniwa wengi hupoteza alama si kwa kutojua kemia bali kwa kuchanganya maneno. Katika safu ya kilichoonekana, mtahiniwa huandika kwamba sukari ipo. Hakuna aliyeiona sukari. Kilichoonekana ni rangi ya samawati kugeuka ya machungwa. Sukari ni hitimisho na ina safu yake. Vilevile, anayeandika kuwa hakuna kilichotokea amesema machache mno kuliko anayeandika kuwa rangi ya samawati ilibaki ilivyokuwa. Na asiyetaja moto katika hatua zake hajaeleza jaribio hili, ameeleza jingine lisilofaulu. (Benedict, kwa kuwa ni jina la mtu, huandikwa kwa herufi kubwa hata katikati ya sentensi.)

Ndizi ni mfano mwema wa kulifanyia zoezi hili. Ndizi mbichi ya kupika huwa nyeusi kwa aidini kwa sababu imejaa wanga, ilhali myeyusho wa Benedict huigusa kidogo tu. Iive siku kadhaa, mambo hupinduka: aidini hufifia na shaba huwa nyekundu. Kitunguu hakiweki akiba yake kama wanga bali kama sukari na minyororo mifupi ya fruktosi, na ndiyo sababu aidini hubaki na rangi yake ya kahawia hali Benedict inang'ara.

Miwa inayosubiri lori

Ili kuilazimisha sukrosi ijitokeze, huchemshwa kwanza na asidi haidrokloriki hafifu. Asidi hulivunja lile shikano la vichwa viwili, na glukosi na fruktosi zikawa huru. Lakini myeyusho wa Benedict haufanyi kazi ndani ya asidi, kwa hivyo baking soda huongezwa kidogo kidogo hadi mapovu yakome. Ndipo jaribio hurudiwa. Sampuli iliyokuwa samawati mwanzoni na nyekundu baada ya asidi ina sukari isiyopunguza, na kwa vyakula vingi hiyo ni sukrosi.

Kazi hii ya asidi hufanyika pia yenyewe, bila maabara, katika mashamba ya magharibi mwa Kenya. Muwa ukishakatwa, vimeng'enya vyake huanza kuivunja sukrosi kuwa glukosi na fruktosi. Muwa uliochomwa moto kabla ya kukatwa huharibika kwa kasi zaidi, na bakteria huingia kupitia ncha zilizokatwa na kuongeza hasara. Glukosi na fruktosi hazigandi pamoja na chembechembe za sukari. Huishia katika molasi. Zikichemshwa na chokaa wakati wa kusafisha maji ya miwa, huharibika na kuongeza weusi. Kwa kiwanda, kila kiasi cha sukari zipunguzazo kilichoongezeka ni sukari ya gunia iliyopotea.

Ndiyo maana maabara za viwanda vya sukari huipima kwa makini. Njia iliyozoeleka ni ile iliyochapishwa na Lane na Eynon mnamo 1923. Kiasi kinachojulikana cha myeyusho wa Fehling huchemshwa katika chupa, na maji ya miwa yakadondoshwa polepole kutoka kwa bureti. Samawati inapokaribia kuisha, matone ya rangi iitwayo methilini ya buluu huongezwa. Shaba ikimalizika, tone la sukari linalofuata huifuta rangi hiyo papo hapo. Kwa kujua ni mililita ngapi zilizotumika, mpimaji hukokotoa sukari iliyomo. Fehling, aliyeachwa na hospitali kwa ajili ya Benedict, bado ana ajira huko.

Kwa miaka mingi mkulima wa miwa nchini amelipwa kwa uzani. Lori likichelewa wiki nzima, muwa hukauka na kupungua tani, na hilo huliona kwenye mizani. Hasara ya pili, ile ya sukrosi iliyogeuka, haionekani kwa mizani wala kwa macho. Huonekana tu katika chupa ya shaba, na mwenye chupa ni kiwanda. Mjadala wowote wa kumlipa mkulima kwa utamu badala ya uzani hauna budi kuanzia hapo: nani anapima, na muwa ulikaa siku ngapi baada ya kukatwa kabla ya kupimwa.

Asali nayo huzua swali kama hilo sokoni. Wapo wanaodhani kwamba tone la Benedict litafichua asali iliyochanganywa na maji ya sukari. Halitafichua. Asali halisi imejaa glukosi na fruktosi, nayo huwa nyekundu mara moja. Iliyoghushiwa nusu kwa nusu pia itakuwa nyekundu. Kinachosaidia ni kupima kiasi kamili. Kiwango cha kimataifa cha Codex hudai asali ya maua iwe na angalau gramu 60 za glukosi na fruktosi kwa pamoja katika kila gramu 100, na kwa kawaida sukrosi isizidi gramu 5.

Tyubu na mgonjwa

Madaktari wa kale waliutambua ugonjwa wa kisukari kwa kuona siafu na sisimizi wakiujia mkojo, na baadaye kwa kuuonja. Mnamo 1776, Matthew Dobson wa Liverpool aliukausha mkojo wa mgonjwa wake kwa moto na kupata unga mweupe ulionukia na kuonjeka kama sukari. Tangu hapo swali likawa namna ya kuipima bila ulimi.

Shaba ilijibu swali hilo kwa zaidi ya miaka mia moja. Utaratibu wa kitandani uliotokana na kazi ya Benedict ulikuwa mwepesi: mililita tano za myeyusho, matone manane ya mkojo, kuchemsha dakika tano, kisha kusoma rangi. Insulini ilipoanza kutolewa kwa wagonjwa jijini Toronto mnamo 1922, wagonjwa wengi walifundishwa kufanya hivyo jikoni mwao, maana kipimo cha dawa kilitegemea rangi ya asubuhi. Mnamo 1941 vilitokea vidonge vya Clinitest, vilivyobeba shaba na alikali pamoja na kutoa joto lake vyenyewe vikitumbukizwa katika matone ya mkojo na maji. Taa ya spiriti haikuhitajika tena, ingawa kidonge hicho kikimezwa na mtoto kiliunguza umio.

Lakini shaba ina udhaifu mmoja usiotibika: haijali ni nani anayeipa elektroni. Mama mjamzito aliyekaribia kujifungua, au anayenyonyesha, huweza kuwa na laktosi katika mkojo wake. Tyubu itakuwa ya manjano ilhali hana kisukari. Aliyemeza vitamini C kwa wingi naye huweza kuonekana ana sukari. Kwa upande mwingine, udhaifu huu umewahi kuwa na manufaa. Mtoto mchanga aliyezaliwa na tatizo la kutoweza kutumia galaktosi hudhurika ini kwa kila tone la maziwa ya mama, na shaba huigundua galaktosi hiyo katika mkojo wake. Ukanda wa glukosi hauioni.

Ukanda huo ulianza kuuzwa 1956 kwa jina la Clinistix, kazi ya Wamarekani Helen na Alfred Free. Badala ya shaba hutumia kimeng'enya kinachoitambua glukosi peke yake, kisha rangi ikajitokeza kwa sekunde chache. Vitamini C huusumbua pia, ila kinyume: hapa huificha sukari iliyopo.

Hata ukanda bora hauwezi kuvuka mpaka uliowekwa na figo. Kwa mtu mzima wa kawaida, figo hurudisha glukosi yote katika damu hadi kiwango kinapokaribia milimoli 10 kwa lita; hapo ndipo ziada humwagika katika mkojo. Kisukari hutambuliwa kuanzia milimoli 7.0 kwa lita kabla ya kula. Kati ya nambari hizi mbili kuna mgonjwa kamili ambaye mkojo wake ni safi, na tyubu yake itabaki samawati kila asubuhi. Kwa wajawazito mpaka huo hushuka, hivyo sukari huonekana kwenye mkojo hata damu ikiwa sawa. Na sukari inaposhuka mno baada ya insulini, hali inayoweza kuua kwa saa chache, mkojo hauna lolote la kusema. Anayeambiwa na mchuuzi wa dawa kwamba amepona kwa kuwa mkojo wake hauonyeshi sukari hajaambiwa kitu.

Ndiyo maana leo kisukari hutambuliwa kwa damu. Mashine ndogo ya kidoleni hutumia vimeng'enya, na shaba haimo kabisa.

Kichwa kile cha aldehidi, hata hivyo, hakijastaafu. Viazi vikihifadhiwa katika baridi kali, kama nyuzi 4 za friji, wanga wake hugeuka glukosi na fruktosi. Vikikaangwa, vichwa hivyo hushikana na asidi za protini na chipsi huwa nyeusi na chungu kabla hazijaiva ndani. Mnamo 2002 wanasayansi wa Sweden walitangaza kwamba mmenyuko huohuo huzalisha akrilamaidi, kemikali inayoshukiwa kusababisha saratani, na tangu hapo viwanda vya krispi vimekuwa vikipima sukari zipunguzazo katika viazi kabla ya kuvinunua.

Jambo hilohilo hutokea polepole ndani ya mwili, bila mafuta ya kukaangia. Glukosi ya damu hujishikiza kwenye himoglobini ya chembe nyekundu, na kwa kuwa chembe hizo huishi takriban siku 120, kiasi kilichoshikana hueleza hali ya sukari ya miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Kipimo hicho huitwa HbA1c, hakihitaji mgonjwa ashinde njaa, na asilimia 6.5 au zaidi huashiria kisukari. Mwenye upungufu mkubwa wa damu au ugonjwa wa selimundu huweza kupata jibu lisilo sahihi, kwa kuwa chembe zake haziishi muda wa kawaida, naye hupimwa kwa glukosi ya damu moja kwa moja.